Tarponi wa kwanza kwa fimbo ya flai: fundisha mikono kwanza

Kuna watu wanaenda kuvua samaki anayeitwa tarponi na fimbo ya hela nyingi, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) inang'aa, kofia mpya, alafu samaki wa kwanza anakula, zinapita sekunde tatu na kila kitu kimekwisha, jamaa kabaki kashika mshipi mlegevu anauliza nini kimetokea. Kilichotokea ni kwamba mikono imefanya kile ilichozoea. Mkono umeinua fimbo juu, au mguu ulikuwa umekanyaga mshipi, au samaki karuka na mtu kang'ang'ania. Mimi nilipoteza wanne mfululizo kabla ya kumgusa wa kwanza na hakuna hata mmoja aliyepotea kwa sababu ya fimbo. Kwa hiyo hapa vifaa nitavipitia harakaharaka, muda mwingi tutakaa kwenye mikono na miguu, maana ndo kunakovujia.

Kwa ambaye hajawahi kabisa kushika fimbo ya flai: chambo hakina uzito, ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi, hiyo ndo tunaita flai. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito, flai inafuata tu nyuma. Kama hujawahi kurusha hata mara moja basi usianze na tarponi, anza na samaki yeyote mdogo aliye karibu na wewe, ukizoea rudi tuendelee.

Hatua ya 1: mjue unayemtafuta

Tarponi tunayemzungumzia ni yule wa Atlantiki, Megalops atlanticus. Magamba makubwa ya fedha, jicho kubwa, na taya la chini limejitokeza mbele na juu kama mtu aliyenuna. Hiyo taya sio urembo, inakwambia jinsi anavyokula: anakuja kutoka chini au usawa wa chambo na anafyonza. Flai ikiwa chini yake mara nyingi hata haioni, kwa hiyo flai yako siku zote iwe usawa wa macho yake au juu kidogo. Ukisahau mengine yote hapa, hili usisahau.

Ndani ya mdomo ni mfupa mtupu. Hana meno ya kukata, ana kitu kama msasa, na huo msasa unasaga nailoni nyembamba mpaka inakatika. Kingo za mifuniko ya mashavu yake nazo ni kali. Ndo maana mbele ya flai tunaweka kipande kinene, nitakieleza.

Alafu anameza hewa. Kibofu chake cha hewa kinafanya kazi kama pafu, kwa hiyo utamwona anaibuka taratibu, mgongo unang'aa, anapiga funda la hewa na kuzama tena, na nyuma yake mapovu. Hii ina faida mbili kwako, moja unamwona alipo hata maji yakiwa ya kahawia, mbili utaihitaji wakati wa pambano kwa sababu kila akipata hewa ni kama kaanza upya.

Ukubwa? Rekodi ya dunia ya kila aina ya zana ni samaki wa kilo 130 aliyevuliwa Guinea-Bissau mwaka 2003. Kwa flai, Jim Holland Jr. alipata wa paundi 202 na nusu huko Florida mwaka 2001, ndo wa kwanza kuvuka paundi 200 kwa fimbo hii, na hiyo ni kwa nailoni ya paundi 20 tu, yaani inayokatika ikivutwa kwa uzito huo. Sisi hatuendi huko.

Hatua ya 2: chagua pa kuanzia, na usione aibu kuanza na mdogo

Kila mtu anaota wale wakubwa wanaopita Florida Keys, vile visiwa vya kusini mwa Florida, Marekani, kati ya Aprili na Juni, au wale wanaojazana Boca Grande, hukohuko Florida, mwezi wa Mei na Juni. Ni kweli ni kitu cha kuona kabla hujafa. Lakini mtu ambaye hajawahi kumwona tarponi akiruka, kuanza na samaki wa kilo 50 maji ya wazi, upepo unavuma, nafasi mbili tatu kwa siku nzima, ni kujitafutia presha. Siku inaisha umerusha mara tano, zote umeharibu, na hujajifunza kitu kwa sababu nafasi zenyewe ni chache.

Ushauri wangu, na najua wapo watakaopinga, ni kwamba wa kwanza awe mdogo. Tarponi wachanga, kilo 3 mpaka 15, wanaishi kwenye vijito na mabwawa ya mikoko, maji yenye hewa kidogo ambayo samaki wengi wanaowawinda hawayawezi. Campeche na pwani nzima ya Yucatán kule Meksiko, Belize, na mikoko ya Florida yenyewe, wapo. Hawa wanaruka kama wakubwa, wanatema ndoana kama wakubwa, ila unapata nafasi nyingi kwa siku, na kwa fimbo namba 8 (namba inafuata uzito wa mshipi, ndogo ndo nyepesi) mkono hauchoki. Ukishapoteza kumi asubuhi moja, mkono unaanza kuelewa wenyewe bila kuambiwa.

Kuhusu majira, angalia joto la maji kuliko kalenda. Wakubwa wanaanza kutembea kweli maji yakifika nyuzi 24 hivi na kuendelea. Baridi ikipiga ghafla wanapotea, na ukifika siku hiyo hakuna wa kumlaumu.

Kwa wanaokwenda Florida, sheria ijue kabla: tarponi ni wa kukamata na kuachia, hakuna kumchukua, isipokuwa mwenye kibali maalumu anayetafuta rekodi ya dunia, kibali kimoja kwa mwaka. Na samaki mwenye zaidi ya inchi 40, kupima kutoka mdomoni hadi kwenye pacha ya mkia, haruhusiwi kutolewa majini hata kwa picha. Kwingine uliza sheria za hapo, ila hata kama hakuna sheria fanya hivyohivyo.

Hatua ya 3: vifaa, kwa ufupi

Wachanga: fimbo namba 8 au 9. Wakubwa: namba 11, na 12 kama ni wakubwa sana, futi 9. Watu wengi wananunua 12 kwa woga alafu mkono unachoka kabla samaki hajafika, mimi naona 11 inatosha.

Rili ndo usibanie hela. Breki yake iwe laini, isiwe inashikashika inapoanza kuzunguka, maana mshtuko ule wa mwanzo ndo unakata nailoni. Ijaze yadi 200 mpaka 250 za uzi wa akiba wa paundi 30 nyuma ya mshipi. Breki ikaze mpaka uvute kwa mizani moja kwa moja kutoka kwenye rili na isome kilo 2 hivi, kwa nailoni ya paundi 20. Usikadirie kwa mkono, mkono unadanganya.

Mshipi wa kuelea unatosha kuanzia, uwe wa maji ya joto, maana wa maji baridi ukipigwa na jua unakuwa kama tambi iliyoiva kupita kiasi. Baadae utataka na ule unaozama polepole kwa ajili ya siku za mawimbi.

Miwani ya polaroidi ni lazima, sio pambo. Rangi ya shaba au kahawia kwa maji ya kina kifupi. Bila hiyo unavua kipofu, na samaki watapita chini ya boti mkitazamana na mawingu.

Hatua ya 4: lida na mafundo

Lida ni ile nailoni kati ya mshipi na flai. Kuna watu wanafanya hii iwe elimu ya chuo kikuu. Kwa wa kwanza fanya vipande vitatu tu: futi 6 za paundi 60 kutoka kwenye mshipi, alafu futi 2 mpaka 3 za paundi 20, hicho ndo kiungo dhaifu na kinatakiwa kiwe dhaifu ili kikikatika kikatike hapo na sio kwenye mshipi wako wa bei, alafu mwisho futi moja na nusu ya fluorokaboni (uzi kama nailoni ila mgumu zaidi) ya paundi 60 ya kuhimili ule msasa wa mdomoni. Kwa wachanga punguza, paundi 30 au 40 mwishoni inatosha. Wanaotafuta rekodi wana masharti yao, kile kipande kinene cha mwisho kisizidi inchi 12 pamoja na mafundo, lakini wewe hutafuti rekodi, acha kiwe kirefu.

Flai yenyewe ifunge kwa fundo la kitanzi, iwe na nafasi ya kuchezacheza. Ukiikaza moja kwa moja kwenye nailoni ya paundi 60 inatembea kama kijiti.

Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kukaza, kaza taratibu, alafu livute kwelikweli, shika ndoana kwa koleo na uvute mpaka uogope. Likatike nyumbani sio huko. Funga lida kama sita hivi jioni kabla, kwa sababu mkono unaotetemeka baada ya kupoteza samaki haufungi fundo la maana.

Hatua ya 5: flai na ndoana

Nyeusi na zambarau kwa maji ya giza na asubuhi mapema, kahawia au rangi ya mchanga kwa maji meupe, njano ya kijani pale ambapo hujui. Cockroach na Black Death ni za zamani na bado zinafanya kazi, Tarpon Toad pia, hiyo inaning'inia vizuri bila kuzama haraka, na ukikumbuka habari ya macho na taya utaelewa kwa nini ni nzuri. Kule Keys, Mei na Juni, jioni za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, minyoo ya palolo inatoka kwenye mawe na kuelea baharini na maji yanayokupwa, tarponi wanachanganyikiwa kabisa, hapo unatumia flai ndogo nyekundu ya kahawia. Ukibahatika kuikuta.

Saizi ya ndoana usihangaike nayo, 1/0 mpaka 3/0 kama inavyoandikwa kwenye pakiti. Hangaika na ncha. Ipitishe juu ya kucha ya kidole gumba, ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Butu itupe au inoe kwa tupa ndogo. Unajaribu kuingiza chuma kwenye mfupa kwa kutumia uzi kutoka mita 15, haiwezi kuingia kwa bahati. Kile kimeno cha nyuma ya ncha mimi nakibana kwa koleo kikalala, ndoana inaingia kirahisi zaidi na inatoka kirahisi kwenye samaki na kwenye sikio lako pia.

Hatua ya 6: mazoezi kabla ya safari (hapa ndo penyewe)

Wiki nne kabla. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, ila ziwe za kweli. Kwenye uwanja wowote wa nyasi, weka pete ya waya au ndoo futi 50 kutoka ulipo.

Kwanza, simama kama utakavyosimama kwenye boti: flai umeishika mkononi, futi kumi na kitu za mshipi ziko nje ya ncha ya fimbo, mshipi uliobaki umelazwa miguuni. Mtu akupigie kelele "rusha!" na wewe una mirusho miwili ya hewani tu, wa tatu unaachia. Yote ndani ya sekunde sita hivi. Mara ya kwanza utajiona mjinga, flai itakupiga mgongoni. Endelea. Watu wanafanya mazoezi ya kurusha mbali, futi 80, mirusho saba hewani, wanapendeza kweli, na haina maana yoyote, tarponi wengi wanakula flai ikiwa futi 40 mpaka 60 na hawasubiri umalize maonyesho.

Pili, rusha na upepo wa kila upande, hasa ule unaokuja upande wa mkono wako wa kurushia. Huo unakuletea ndoana usoni. Dawa yake ni kugeuka na kuachia flai kwenye mrusho wa nyuma, yaani unaipa mgongo shabaha na kupeleka kinyumenyume. Unaonekana kituko lakini unafika.

Tatu, mkono wa mshipi ujifunze kuvuta: unavuta kidogo kwenye mrusho wa nyuma, unaachia, unavuta tena kwenye wa mbele. Hiyo ndo inaongeza kasi bila kutumia mabavu ya bega.

Nne, na hili karibu hakuna anayelifanya, funga mwisho wa mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza na mizani uifunge kwenye mti. Inua fimbo juu, ipinde mpaka inalia, umekaza meno, alafu mwambie mtu akusomee. Utashangaa, kilo moja haifiki vizuri. Sasa shusha fimbo iwe karibu na usawa wa ardhi, vuta pembeni kwa kutumia kitako cha fimbo na kiuno chako. Namba inapanda mara mbili na zaidi na huoni hata kama unajitahidi. Fanya mpaka mwili ukumbuke. Mimi jioni ile nilipofanya hivi ndo nilielewa kwa nini yule samaki wa kwanza kabisa alinitembeza saa nzima alafu akaondoka: nilikuwa nimemshika tu kamba, simvuti.

Tano, mwenzako ashike mwisho wa mshipi aigize samaki. Anavuta, na wewe UNAVUTA MSHIPI KWA MKONO WA KUSHOTO fimbo ikiwa imemwelekea, huinui fimbo juu. Mara mia. Kama umetoka kwenye kuvua samaki wa mtoni, wale unaowakaza kwa kuinua fimbo, fanya mara mia mbili.

Hatua ya 7: kwenye omo

Nahodha anasimama tezi, yaani nyuma, anasukuma boti kwa upondo, wewe uko omo, yaani mbele. Toa mshipi futi 60 tu, sio wote, zirushe hizo zote kisha uzivute zirudi, ili ule unaotoka mwanzo uwe juu ya rundo. Usipofanya hivi unatokea chini, unabeba na mwenzake, na fundo linaruka mpaka kwenye pete ya kwanza ya fimbo. Vua viatu. Kweli, peku au soksi, ukikanyaga mshipi uhisi. Kila dakika chache tazama chini. Kila kitu kinachoweza kunasa mshipi, chupa, koleo, kamba ya nanga, kiondoke mbele.

Sasa habari ya saa. Nahodha anakuelekeza kwa uso wa saa ya ukutani: omo ni 12, kulia kabisa ni 3, kushoto kabisa ni 9. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna balaa letu hapa. Akitaja tisa kwa lugha yake, kichwa kinatafsiri chenyewe "saa tatu", na ukishasema tatu unaiona ile 3 ya kulia, basi unageuka kulia na samaki wako kushoto. Nimefanya hivi mbele ya kundi la samaki sita na nahodha alikaa kimya muda mrefu. Siku hizi kabla hatujaondoka nasema mapema: nitajie namba iliyoandikwa kwenye saa, usinitajie wakati. Alafu nanyoosha fimbo nilikofikiria, naye ananambia kushoto zaidi, kulia zaidi, simama hapo. Kunyoosha fimbo ndo kiboko, inamaliza ubishi.

Hatua ya 8: kuwaona na kutupia

Usitafute samaki mzima. Tafuta kivuli kirefu kinachotembea, mng'ao mmoja, mkia, mapovu, maji yanayotetemeka tofauti na upepo.

Kosa kubwa ni kumtupia samaki. Usimtupie yeye, tupia anakokwenda. Kama wanatembea kwa mstari, flai itue futi 6 hivi mbele ya wa kwanza na kuvuka kidogo njia yao, iwe inamsubiri akifika. Aliyelala ametulia juu ya maji, huyo anahitaji karibu zaidi, futi 3 mbele ya pua, taratibu kabisa, mshipi usipite juu yake. Wakiwa wanazunguka duara, mkia kwa pua, tupia ukingo wa nje upande ambao wanakuja kwako.

Na jambo moja la akili ya kawaida ambalo tukiwa na mchecheto tunalisahau: chambo hakimkimbilii anayekila. Kidagaa gani anamwona samaki wa kilo 40 alafu anamwendea usoni? Flai inatakiwa imkimbie, au angalau ikatize mbele yake. Ikiwa imetua upande mbaya na ukivuta itamjia, iache, usivute, au itoe kimyakimya urushe tena akishapita.

Kuvuta ni taratibu, mivuto mirefu laini. Akigeuka kuifuata usiongeze kasi kwa furaha wala usisimame. Endelea hivyohivyo, kama unaona anasita ipe mtetemo mdogo. Ni sekunde chache lakini zinakaa kama saa nzima, na moyo unapiga mpaka kwenye masikio.

Hatua ya 9: anapokula

Utaona weupe wa mdomo unafunguka, mashavu yanapanuka, flai imepotea. USIFANYE KITU BADO. Ukivuta hapo hapo unaitoa mdomoni kama unavyotoa pipi kwa mtoto. Endelea kuvuta kwa mwendo uleule mpaka afunge mdomo na kugeuka, utasikia uzito. Hapo sasa kaza kwa mkono wa mshipi, mvuto mrefu wa nguvu, fimbo imeelekezwa kwake, chini. Tena. Tena. Fimbo ikipanda juu inajipinda, na fimbo iliyojipinda ni kama mto wa kulalia, nguvu yote inaishia humo na mfupa haujapata hata mkwaruzo.

Sekunde inayofuata macho yako yote yawe chini. Sio kwa samaki, najua anaruka, utamwona baadae. Macho kwenye mshipi uliolala miguuni kwa sababu unaondoka wote kwa kasi. Tengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada mkono wa kushoto, mshipi upite humo, mkono uwe mbali na kitako cha fimbo na mbali na rili, mpaka mshipi wote uliolala uishe na breki ianze kulia. Mshipi ukizungukia kitako cha fimbo, kwaheri.

Hatua ya 10: akiruka, mwinamie

Ndani ya maji, maji yanambeba. Akiwa hewani uzito wake wote uko huru, anatikisa kichwa huku na huku, na akiangukia kwenye nailoni iliyokaza inakatika, au ndoana inang'oka. Kwa hiyo anapopasua maji unamwinamia: piga hatua au inama mbele, sukuma fimbo yote kumwelekea mikono imenyooka, ncha chini, mshipi ulegee. Akirudi majini rudi taratibu kwenye kukaza. Anaruka tena, unainama tena. Kama yuko mbali sana na mshipi mwingi uko majini, kuinama hakusaidii sana, ila inama tu, usijifunze kuchagua.

Hatua ya 11: pambano

Mbio za kwanza mwache aende, breki ifanye kazi, usishike rili vidole vitaumia. Akisimama, hapo ndo unaanza wewe, na usipumzike. Watu wanapumzika wakidhani samaki naye anachoka, kumbe naye anapumzika, tena anameza hewa.

Fimbo chini, vuta pembeni kinyume na kichwa kinakoelekea. Akienda kushoto unavuta kulia, akigeuka kulia unahamia kushoto, unamvuruga, unamvuta nyuma na sio kumsindikiza. Kila ukivuta rudisha mshipi haraka kwenye rili. Akiinuka kutaka hewa, zamisha ncha ya fimbo majini na uvute chini na nyuma, mnyime lile funda. Nahodha akusogeze karibu kwa boti, pambano la futi 40 ni lako, pambano la yadi 150 ni lake. Wa kilo 30 ukimbana hivi dakika ishirini na kitu zinatosha. Ikivuka nusu saa na bado yuko mbali, basi humvuti.

Papa wakitokea, yule wa kichwa cha nyundo au papa ng'ombe, na kwenye njia za wakubwa wanatokea, usishindane. Legeza breki kabisa akimbie, au ukate. Kumpoteza kwa namna hiyo inauma ila kumleta kichwa kitupu inauma zaidi.

Hatua ya 12: kumshika na kumwachia

Wengi wanakubaliana kwamba lida ikiingia kwenye pete ya juu ya fimbo, au nahodha akiigusa, umemkamata. Mengine ni ziada. Mkubwa abaki majini, ashikwe taya la chini na mkono wenye glavu, picha mbili tatu ukiwa umeinamia ubavuni mwa boti, koleo, ndoana nje. Ikiwa imezama ndani kata karibu na ndoana uache. Zamani watu walikuwa wanang'oa gamba moja la kumbukumbu, acha, ni kidonda.

Asipokuwa na nguvu ya kuondoka, boti iende polepole sana huku umemshika kichwa mbele, maji yapite mashavuni, mpaka ufunge mkono wako kwenye taya na yeye aanze kuukataa. Wanaishi miaka mingi hawa, pale Shedd Aquarium, Chicago, kulikuwa na mmoja aliyeingia 1935 akafa 1998. Unayemshika anaweza kuwa mkubwa kuliko wewe kiumri.

Akishaondoka mikono itatetemeka, kaa chini kidogo, kunywa maji. Alafu pitisha vidole kwenye lida yote, ile fluorokaboni ya mwisho utaikuta imekwaruzwa nyeupe kama chaki. Kata, toa moja ya zile sita, jaribu ncha ya ndoana kwenye kucha, na umpishe mwenzako omo maana sasa ni zamu yake.